Kuwajulia Hali

Aprili 2023, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda bata mzinga hapa Missouri, baba aliamka saa kumi alfajiri kwenda chooni akanikuta sebuleni. Taa zilikuwa zimezimwa. Nilikuwa nimevaa magwanda ya madoadoa niliyoyanunua wiki ile, kitambaa cha kufunika uso kimeshuka hadi shingoni, bunduki ya marisau mkono mmoja, na mkono wa pili napapasa meza nikitafuta funguo za gari. Nilipogeuka nilimwona amesimama kwenye korido akiwa na suruali yake ya kulalia, mikono yote miwili ameiinua juu.

Nikasema, "Baba, ni mimi."

Hakuishusha mara moja. Alinitazama usoni, akatazama bunduki, akanitazama tena usoni. Kisha akaishusha polepole, mmoja baada ya mwingine, akarudi chumbani na kufunga mlango. Chooni hakwenda.

Nilikwenda kuwinda hata hivyo. Nimeianza habari hii hapa kwa sababu ndipo nilipokosea. Sikukosea kununua bunduki wala kukata leseni. Nilikosea kuendelea kutafuta funguo.

*

Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, mwaka 1994. Vita vilipofika kwetu mwishoni mwa 1996 nilikuwa mgongoni mwa mama. Tulivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi hadi Kigoma, na kutoka hapo tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa nyuma yetu na watu wengine wa kijiji. Walisema watavuka usiku unaofuata. Nilikua nikimsikia mama akiuliza habari zake kwa kila kundi jipya lililoingia kambini, na nikimsikia baba akimjibu mama kwa maneno yaleyale: "Amelala kwingine." Hakusema amekufa, wala hakusema atakuja. Alisema tu hivyo, kama mtu anayemzungumzia mgeni aliyechelewa njiani akaomba hifadhi nyumba ya jirani.

Kabla ya vita baba alikuwa mtegaji. Alitega kanga na kwale kwenye vilima vya kwetu kwa matanzi ya kamba aliyosokota mwenyewe. Hayo niliyasikia kwa mama. Mimi binafsi sikuwahi kumwona akitega kitu chochote, maana Nyarugusu msitu ulikuwa na mpaka. Mkimbizi alikuwa haruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na ndani ya kilomita hizo kuni zenyewe zilikuwa za kugombania, seuze kanga. Nikakua bila kujua kusoma alama hata moja ya mnyama. Nilijua kusoma kadi ya mgao.

Tulifika Marekani mwaka 2016. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha nyama ya bata mzinga, zamu ya jioni, sehemu ya kutenganisha mifupa na nyama. Bata wa kiwandani ni weupe, wana kifua kipana mno, wazito kiasi kwamba hawawezi kuruka, na hata kupandana wenyewe hawawezi. Mayai yao hurutubishwa kwa mikono ya watu. Kwa miaka sita niliwashika maelfu kwa maelfu na sikuwahi kujiuliza bata mzinga ni ndege wa aina gani. Kwangu alikuwa kitu kinachopita mbele yangu kikiwa baridi.

Halafu asubuhi moja nikawaona wa mwituni wakivuka barabara. Walikuwa wembamba, weusi, na jua lilipowapiga, manyoya yao yakang'aa rangi ya shaba na kijani. Nilipopunguza mwendo, watatu walikimbia na wa nne akapaa. Akapaa kweli, juu ya waya za umeme, akatokomea ng'ambo ya miti. Usiku ule kazini nikamsimulia mzee mmoja Mmarekani, fundi wa mashine zetu, naye akacheka akasema, "Sasa hao ndio wenyewe." Ndiye aliyenipeleka kwenye mafunzo ya uwindaji, ambayo sheria ya Missouri inayataka kwa kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia mwaka 1967. Ndiye aliyeniuzia bunduki yake ya zamani kwa bei ya kutupa.

Mama aliposikia aliuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Wanakulipa kuwakata kiwandani, halafu wewe unalipa leseni kuwafuata porini?"

*

Msimu ule wa kwanza sikupata kitu. Fundi alikuwa ameniambia mara tatu kwamba uwindaji wa bata mzinga hufanyika kabla ya msimu kufunguliwa. Nenda bila bunduki, alisema. Jua wanalala wapi, wanashukia wapi, wanakula nini, wanapita njia gani saa ngapi. Siku ya bunduki iwe ya kumalizia tu. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha nikaingia msituni siku ya ufunguzi kama mtu anayeingia sokoni. Nilisikia dume likiwika mara moja, mbali, ng'ambo ya korongo. Nikalifuata nikivunja vijiti njia nzima. Halikuwika tena. Saa saba mchana, muda wa kisheria ulipokwisha, nilirudi garini nimeloa umande hadi kiunoni.

Nyumbani baba alikuwa haongei nami. Hakukasirika kwa sauti, si desturi yake. Alipotaka kuniambia jambo alilipitisha kwa mama. "Mwambie mwanao taa ya gari yake haijazimwa." Nami niko palepale, kijiko mkononi. Magwanda niliyatia kwenye mfuko wa plastiki nikayaficha kwenye buti la gari. Bunduki niliifungia kabatini kwa kufuli. Msamaha nilitaka kuomba, lakini sikujua nianzie wapi. Kuomba msamaha kungemlazimu aseme alimwona nani sebuleni alfajiri ile, na hilo sikuwa tayari kulisikia.

Ikapita miezi saba.

Novemba, tukitoka kanisani, mimi naendesha, baba kakaa mbele, mama nyuma. Kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, kando kabisa ya barabara, walikuwa kama ishirini hivi, wakitembea kwa mstari, vichwa vikipanda na kushuka.

"Simamisha gari," baba akasema. Alisema na mimi.

Nikaegesha. Akashusha kioo, baridi ikaingia, mama akalalamika, baba hakusikia. Miaka 20 ya Nyarugusu ilikuwa imekisawazisha Kiswahili chake kikawa kama cha Kigoma, ila akishtuka au akifurahi, Fizi hurudi mdomoni.

"Hawa ni kanga," akasema. "Kanga bakubwa. Angalia venye banatembea. Banalala ku muti?"

"Ndiyo, Baba. Usiku wanapanda mtini."

"Muti gani?"

Nikanyamaza.

"Muti gani?"

"Sijui."

Akageuka akanitazama, mara ya kwanza tangu Aprili. "Ulienda kubaua na hauyue fasi banalala?"

*

Alitoa masharti mawili. Bunduki ibaki nyumbani, na zile nguo asizione. Nikakubali. Februari 2024, Jumamosi ya kwanza isiyo na theluji, tukaenda wawili Mark Twain National Forest, kwenye kipande chake kiitwacho Cedar Creek, kusini mashariki ya Columbia. Ni msitu wa umma uliokuwa zamani mashamba ya watu. Ukitembea ndani unakuta msingi wa mawe wa nyumba isiyokuwepo tena, kisima kilichofukiwa, mstari wa mierezi mahali palipokuwa na ua. Baba alisimama kwenye kila msingi kama anayebisha hodi.

Alivaa koti la kazini na kofia nyekundu ya timu ya besiboli aliyopewa kanisani. Nikamwomba aivue, nikamweleza nilivyofundishwa: kichwa cha bata mzinga dume kikichangamka huwa na nyekundu, nyeupe na buluu, kwa hiyo mtu hatakiwi kuvaa rangi hizo msituni, mwindaji mwingine asije akamdhania ndege. Akaitazama kofia, akaikunja akaitia mfukoni. "Bendera yao," alisema, "na ndiyo hairuhusiwi kuvaliwa." Sikumbuki mara ya mwisho baba alipofanya mzaha na mimi kabla ya hapo.

Njiani nilikuwa nimejaribu kumweleza tunakwenda kufanya nini, nikakwama kwenye neno. Nilisema tunakwenda kupeleleza. Akatikisa kichwa. Wapelelezi, alisema, ndio waliotangulia kijijini kwetu wakijifanya wauza chumvi, wakihesabu nyumba. Nikasema basi kuvizia. Hilo likawa baya zaidi. Nikataja kuchunguza, akasema hilo ni la hospitali. Tulitembea kidogo bila neno, kisha akasema:

"Tunakwenda kuwajulia hali."

Ndivyo tulivyoiita tangu siku ile.

Mwenye kwenda kujulia hali hana haraka, na hilo ndilo somo la kwanza nililolipata. Mimi nilikuwa nikitafuta ndege, macho mbele, kila baada ya hatua kumi nikisimama kusikiliza. Baba alitazama chini. Kwenye mteremko wa mialoni alipiga magoti mahali majani makavu yalikuwa yamefukuliwa hadi udongo ukaonekana, si mahali pamoja bali eneo la ukubwa wa uwanja wa shule. Akanionyesha jinsi kila fukuo lilivyorundika majani upande mmoja. Ndege huchakura kwa kuvuta majani nyuma, kwa hiyo lundo liko mkiani na uso ulielekea upande wa pili. Tukafuata upande wa nyuso. Kokwa za mialoni zilikuwa zimeliwa zote, zimebaki tu zenye matundu ya wadudu.

Baadaye tukakuta kinyesi. Fundi alikuwa amenieleza tofauti: cha dume kirefu, ncha imepinda kama herufi J, cha jike kimejikunja kama konokono. Nikamweleza baba kwa fahari ya mwanafunzi. Akakigeuza kwa kijiti, akasema cha jana, maana juu kimekauka na chini kina unyevu. Hilo fundi hakuniambia. Unyoya wa kifuani wenye ncha nyeusi ni wa dume, wenye ncha ya kahawia ni wa jike. Hilo nililijua mimi. Shimo la mavumbi chini ya gogo, mahali wanapooga kuondoa viroboto, aliliona yeye kabla sijafika. Kanga huoga hivyohivyo, alisema. Kanga pia hulala mtini karibu na maji. Kwa hiyo tukashuka kuelekea kijitoni, na pale kwenye kona ya maji, chini ya miti mitatu mirefu yenye magome meupe ambayo Wamarekani huiita sycamore, ardhi ilikuwa imejaa kinyesi, kipya juu ya kikuukuu.

Baba akaangalia juu. Matawi yalikuwa matupu, saa nne asubuhi, wenyewe wamekwenda matembezini.

"Muti huu," akasema.

*

Tulikwenda karibu kila Jumamosi hadi Aprili, na Jumapili baadhi ya jioni. Niliandika kila kitu kwenye daftari: tarehe, saa, upepo, idadi. Baba hakuandika kitu na hakusahau kitu.

Jambo moja tu tulitofautiana, nalo ni bundi. Alfajiri, bata mzinga dume akiwa bado mtini, akisikia bundi hushtuka na kuwika, kama mtu aliyeguswa na baridi akapiga chafya. Wawindaji huiga bundi ili dume ajisaliti alipo. Fundi alikuwa amenifundisha, nami nilikuwa nimejifunza garini nikienda kazini. Alfajiri moja ya Machi, giza bado, nikaweka viganja mdomoni nikalia kama bundi. Dume likajibu kutoka kijitoni, zito, likaviringika bondeni kote. Nikageuka nikitabasamu. Baba alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu.

"Unamwita nani?"

Nikacheka, nikaona yeye hacheki. Kwetu bundi akilia juu ya paa mtu huanza kuhesabu wagonjwa. Nikamwambia ni mbinu tu, hapa bundi ni ndege kama wengine. "Najua ni mbinu," akasema. "Na wao walilia kama ndege usiku, kuitana. Ndivyo tulivyojua wako wangapi."

Alikuwa anazungumzia mwaka 1996, na hakuongeza neno. Sikulia tena kama bundi. Tangu siku ile tulikaa kimya gizani na kungoja dume awike kwa hiari yake, na aliwika. Kuna asubuhi mbili hakuwika, tukaondoka bila kujua. Baba aliona hilo ni sawa. Ukienda kumjulia mtu hali ukamkuta amelala, alisema, hugongi mlango.

Katika zile saa za kungoja nilimsimulia niliyoyasoma. Kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita bata mzinga wa mwitu walikuwa wamekaribia kuisha Marekani, kwa kuwindwa ovyo na kwa misitu kufyekwa. Kwamba majimbo yalijaribu kufuga ndege kwenye mabanda na kuwaachia misituni, maelfu yao, Missouri ikiwemo, nao wakafa. Hawakujua kujificha. Mtafiti A. Starker Leopold aliwachunguza hapahapa Missouri na mwaka 1944 akaandika kwamba umwitu wa ndege hawa ni wa kurithi: ubongo wa ndege wa mwitu ni mzito kuliko wa waliochanganyika na wa kufugwa, na tabia yao mbele ya hatari ni nyingine. Mama wa mwituni akitoa mlio wa onyo, vifaranga huganda chini kama mawe.

"Mama yako alikuwa anakohoa mara mbili," baba akasema gizani.

"Nini?"

"Njiani kwenda ziwani. Akikohoa mara mbili, kaka zako walikuwa wanalala chini. Wewe ulikuwa mgongoni, lakini ulikuwa unanyamaza. Miaka miwili, na ulikuwa unanyamaza."

Sikuwa nimewahi kuambiwa hilo. Nilikaa nalo mpaka kukaanza kupambazuka, ndipo nikammalizia hadithi. Kilichofaulu ni kuwahamisha wa mwituni wenyewe. Mwaka 1951, South Carolina, watu walianza kuwanasa kwa wavu mkubwa unaorushwa na mizinga midogo: ndege wanakula, mzinga unalipuka, wavu unapita juu yao. Wakatiwa kwenye masanduku wakapelekwa misitu mingine isiyo na ndege. Missouri ilianza kuwahamisha hivyo katikati ya miaka ya 1950, na kufikia 1960 ikaweza kufungua tena msimu mfupi wa kuwinda. Hawa tunaowangoja, nilimwambia, ni wajukuu wa wale wa kwenye masanduku.

Baba akafikiri. "Kumbe ndiyo maana wanaitwa bata mzinga," akasema.

Nikamweleza kwamba jina ni la kale kuliko wavu. Akasema jina linajua mambo yake.

*

Wiki moja kabla ya msimu, kwenye barabara ya zamani ya magogo juu ya kilima, baba alisimama ghafla akaninyooshea fimbo nisimame. Kwenye udongo laini kulikuwa na nyayo za dume, kidole cha kati kirefu, na kandokando ya nyayo, kila upande, mistari myembamba iliyochorwa ardhini. Nikadhani kuna kitu kimeburutwa. Baba alichuchumaa muda mrefu. Kisha akasimama, akatanua mikono ikining'inia, viganja vikitazama chini, akapiga hatua mbili tatu akiringa, kifua mbele, mzee wa miaka 63 juu ya kilima cha Missouri. Nikaelewa. Ni mabawa. Dume anapojitunisha kuwatambia majike hushusha mabawa mpaka ncha zikwangue ardhi.

"Anakuja hapa kila siku," akasema. "Tazama, mistari imepandana. Lakini si alfajiri. Alfajiri yuko chini na wake zake."

Tukarudi siku mbili baadaye tukakaa mbali, juu ya upepo wala chini ya upepo haidhuru, maana pua ya bata mzinga si kitu. Macho yake ndiyo ya kuogopwa. Hadi saa tatu hapakuwa na kitu. Majike wakikaribia kutaga huondoka mmojammoja asubuhi kwenda kwenye viota vyao ardhini, na dume hubaki peke yake. Saa nne na dakika chache alitokea kwenye barabara ile, akajitunisha, hakuna wa kumtazama isipokuwa sisi wawili. Baba alikuwa akitikisika. Nilidhani ni baridi, kumbe anacheka.

Kwenye gari nikamuuliza kama atakuja nami siku ya kuwinda. Akasema hapana. Akasema pia, akiangalia nje ya dirisha, "Siku ile sikukuogopa wewe."

"Najua, Baba. Nisamehe."

"Vaa hizo nguo ukifika huko. Usivae nyumbani."

*

Jumamosi ya kwanza ya msimu, Aprili 20, niliondoka nimevaa suruali ya jinzi na sweta. Bunduki niliitoa kabatini usiku, mama akiwa anatazama, nikaipeleka garini kabla baba hajarudi kutoka mazoezi ya kwaya. Magwanda nilivalia kwenye maegesho ya msitu, nikitetemeka.

Sikwenda kijitoni. Alfajiri niliwasikia wakiwika kule kwenye miti yao na nikawaacha. Nilikaa chini ya mwaloni mnene kuliko mabega yangu, hatua thelathini kutoka barabara ya magogo, na nikangoja kama tulivyozoea kungoja. Saa nne kasorobo nilikwangua kile kisanduku cha mbao cha kuigia sauti ya jike, mara tatu tu, polepole. Dakika ishirini zikapita. Kisha nikasikia mabawa yakikwangua changarawe kabla sijaona kitu.

Alikuja kwa njia yake, kwa saa yake. Nilimjua. Nilijua alipolala na alichokula jana, nilijua majike yake watano na madume wadogo watatu wanaomfuata kwa mbali. Nilikuwa nimefikiri kumjua kutafanya iwe rahisi. Hakukufanya rahisi, ila kulinifanya nisiharakishe. Niliposhusha usalama wa bunduki alisikia, akanyoosha shingo, na hapo nikafyatua.

Wale madume wadogo waliruka wote kwa mpigo, na jike mmoja ambaye sikuwa nimemwona akakimbia kupita miguuni pangu karibu.

Nilikata alama kwenye leseni kama sheria inavyotaka, nikasajili windo kwa simu palepale, nikambeba begani. Alikuwa wa moto. Miaka saba kiwandani sikuwahi kumshika bata mzinga wa moto.

*

Baba alikuwa amekaa ngazini nje ya nyumba, mbele yake beseni, kisu na birika la maji yaliyokwisha kupoa. Sijui alikaa hapo tangu saa ngapi. Nilikuwa nimebadilisha nguo. Nikamlaza ndege kwenye magazeti. Baba akampima kwa mkono mmoja, akalifumba jicho lililokuwa wazi, akaangalia kucha za nyuma za miguu, ndefu na zilizopinda, akasema huyu ni mtu mzima.

Kabla ya kumnyonyoa alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikata ngozi ya shingo kwa uangalifu akatoa gole, akalipasua juu ya gazeti. Akatandaza kilichomo kwa ncha ya kisu. Majani machanga, mabichi kabisa. Mbawakawa wawili. Kokwa moja ya mwaloni. Na punje za mahindi, nikahesabu kumi na saba, za njano, ngumu.

Akaniangalia. "Mahindi wameyatoa wapi?"

Kwenye daftari langu lote, miezi miwili na nusu, hakuna mahindi.

"Kuna shamba hatujaliona," akasema. "Mavuno ya mwaka jana. Ng'ambo ya kijito, lazima. Hatujawahi kuvuka kijito." Tayari alikuwa anachora ramani kwa kisu pembeni mwa gazeti, kijito, miti mitatu, kilima. Kisha kisu kikasimama.

"Bengine bamekimbilia fasi gani?"

"Madume wadogo waliruka kuelekea kijitoni. Jike alikimbilia bondeni. Wengine sikuwaona, labda walikuwa viotani."

Alimaliza kumnyonyoa bila kusema. Mama alitoka, akamtazama ndege, akasema kifua chake kidogo, kiwandani wasingempokea. Lakini alikuwa ameshaweka vitunguu jikoni.

Saa kumi na moja jioni baba alikuja na koti lake la kazini amelivaa. "Twende tukawajulie hali," akasema.

Tulikaa mahali petu pa siku zote, juu ya kingo ya kijito, miti ile mitatu ikiwa mbele yetu na anga jekundu nyuma yake. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu, nikaanza kufikiri hawatarudi kabisa, kwamba wamehama. Halafu mabawa, kishindo chake kikubwa kile, kama mtu anakung'uta mkeka, na kivuli cha kwanza kikatua tawini. Baba alianza kuhesabu kwa Kibembe, chini ya pumzi. Walikuwa tisa. Nimeondoa mmoja. Akahesabu watatu, akanyamaza. Wa nne, wa tano. Giza likaingia kiasi kwamba tulihesabu kwa masikio. Wa sita. Wa saba.

Tukaendelea kukaa. Bundi alilia mbali, bundi wa kweli, na hakuna dume aliyejibu. Baridi ilipanda kutoka kijitoni. Nilitaka kusema labda yuko kwenye kiota, ni wakati wake, jike akianza kuatamia haendi tena mtini, hukaa chini kama siku 28. Ni kweli na nilikuwa nimeisoma. Sikuisema.

Baba alinyanyuka, akajikung'uta majani magotini, akanipa mkono nami nikanyanyuka.

"Huyo wa nane," akasema, "amelala kwingine."